Bega la Jiko

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na moja Aprili 1988, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Nataja hata saa, kwa sababu wenye kuhusika hupenda kusema ati hawakumbuki vizuri. Mimi nakumbuka vizuri.

Siku hiyo wanawake wa kijiji chetu, upande huu wa Bokoli, walipangwa mistari miwili kando ya barabara wamngoje mkubwa mmoja kutoka Nairobi aliyesemekana anakuja kuona majiko. Mke wangu Nasambu aliwekwa mstari wa mbele, maana majiko yenyewe yalikuwa kazi ya mikono yake. Mvua ilianza saa nne. Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake alikuwa ameketi ndani ya gari la naibu chifu. Akashusha kioo kidogo, kiasi cha mdomo kupita, akasema, "Ngojeni, mama zangu. Mkubwa yuko njiani." Saa nane akakishusha tena. "Ngojeni." Mtu hakuruhusiwa kujikinga hata kwa jani la mgomba, ati mstari utaonekana mbaya. Saa kumi na moja wakaambiwa mkubwa alikwisha kupita kwa njia nyingine, yuko Eldoret anakula.

Nasambu alirudi akitetemeka, leso imemgandia mwilini. Kifua kikamshika. Hospitalini niliambiwa dawa iko kwenye orodha lakini haiko kwenye kabati. Jumatatu ya tarehe mbili Mei akanyamaza.

Kabla ya hapo nilikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba moja kubwa karibu na Kitale, miaka kumi na minane, nikija nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni mwenye kilo mbili za sukari. Mwaka wa themanini na saba wakubwa wa shamba wakatuambia shamba limeanguka, twende makwetu. Wao hawakuanguka. Kwa hiyo ukihesabu siku nilizokaa na mke wangu mfululizo, bila kuangalia jua nisije nikaachwa na gari la kurudi kazini, ni miezi minane tu. Hiyo miezi minane ndiyo ndoa yangu. Ile mingine yote niliwapa ng'ombe wa watu.

Sasa niseme juu ya hayo majiko. Mwaka wa themanini na sita watu wa mradi mmoja wa Wazungu waliwachukua wanawake watano wa kwetu wakawapeleka Kitale kufundishwa wiki nzima. Kile kinacholetwa ni chungu tu, cha udongo uliochomwa, hakina kitako, kina mdomo ubavuni wa kuingizia kuni. Kazi ni kukijengea. Unakisimamisha pale mafiga yalipokuwa, unakizungushia udongo mpaka kizame, unaacha mdomo wazi. Halafu upande mmoja, juu, unainua bega la udongo la kuegemezea sufuria. Ugali wetu si uji. Unapousonga unausukuma kwa nguvu, na sufuria ikikosa mahali pa kuegemea itakukimbia. Nasambu alirudi na cheti na ufundi. Katika miaka miwili alijenga majiko zaidi ya sabini katika jikoni za watu. Cheti kilikaa kwa mwenyekiti, ukutani, ati kikae pamoja na vingine.

Baada ya mazishi nilifunga mlango wa jikoni kwa waya. Chai yangu nilichemsha barazani kwa jiko la makaa, na jioni Mama Khaemba, jirani yetu, aliniletea ugali uliofunikwa kwa sahani. Kwetu mwanaume haingii jikoni. Kwa miaka yote ya ndoa sidhani nilivuka kizingiti kile mara kumi, na jikoni ya mwanamke mwingine sikuwahi kuiona ndani hata siku moja. Nilikuwa nafungua ule waya Jumamosi tu, nafagia, nafunga. Paa likaanza kuvuja na sikuliona mpaka maji yalipokwisha kula jiko upande wa nyuma. Chungu kikapasuka kutoka juu mpaka mdomoni. Nikafagia vilevile.

Desemba ya 1993 mwanangu Wepukhulu, ambaye ni fundi wa magari Kitale, alikuja na shati jipya na maneno.

"Baba, nimepata mtu."

"Wa wapi?"

"Kachibora. Anaitwa Jepchirchir."

Ile vita ya makabila ya tisini na mbili ilikuwa bado ina harufu. Waliochochea walikuwa wakubwa, walioungua tulikuwa sisi Wabukusu na hao watu wa kina Jepchirchir. Nikamwambia, "Watu watasema."

"Wacha waseme, bana. Yeye mwenyewe nyumba yao ilichomwa. Wamelala uwanja wa kanisa miezi minne, anapika kwa mawe matatu, mvua inaingia ndani ya sufuria." Akavuta kiti karibu. "Sikiza, Baba. Nataka akae hapa na wewe miezi sita, ndio ajue nyumbani. Senge Namalwa, dada yako, atakuja kukaa na yeye. Akipapenda, mwezi wa nane najenga hapo chini. Lakini siwezi kumleta msichana wa watu apike nje tena. Aliniambia hiyo moja tu: nje sipiki tena."

"Na asipopapenda?"

"Basi napanga chumba Kitale. Tutakuwa tunakuja Krismasi."

Najua Krismasi za namna hiyo. Mtu anakuja saa sita na mkate, saa tisa anaangalia saa. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nikamwambia, "Mlete mwezi wa tatu. Atakuta jiko."

Alipoondoka nikaenda kwa naibu chifu, kwa maana vyungu vilivyobaki vya mradi viliwekwa kwake mradi ulipokufa. Nilimkuta uani anakata kucha.

"Mzee Mukhisa! Leo umepotea njia?"

"Nataka chungu kimoja cha jiko. Vile vya kina mama."

"Ah, mzee. Mradi uliisha. Wazungu walirudi kwao."

"Vyungu walirudi navyo?"

"Hakuna chungu hapa."

Nyuma yake, kando ya ghala, vilikuwa vimepangwa saba, na katika kimoja kuku alikuwa amelala. Nikauliza, "Na huyo kuku analalia nini?"

"Hiyo ni mali ya serikali."

"Kuku ama chungu?"

Askari wake akacheka, kisha akakumbuka kazi yake akaacha. Naibu chifu akafunga kijisu chake cha kucha. "Lete barua kutoka kwa mwenyekiti, tutaangalia." Mwenyekiti! Mwanamke aliyekaa ndani ya gari kavu! Nikavaa kofia yangu nikaenda. Ningeomba barua kwa kuku yule kwanza.

Wiki iliyofuata nikafika Kitale. Karibu na msikiti kuna mama mmoja anaitwa Sharifo, anauza majiko na vyungu na vifuniko. Alikipiga kimoja kwa pete yake nikasikia kinalia kama kengele ya shule. Akapiga kingine, kikakohoa. Akakiweka kando hicho cha kukohoa.

"Ni cha mama nyumbani?"

"Cha mke wa mwanangu."

"Mlete mwenyewe achague, baba. Jiko ni kama kiatu."

"Kwetu haiwezekani. Mimi na yeye hata mkono hatupeani."

Akanitazama. "Sasa nani atamjengea?"

"Mimi."

"Wewe?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, baba mkwe. Chukua hiki cha kulia. Kiloweshe kabla hujakitia udongo, kisije kikanywa maji yote."

Kwa nini nisingemwita mwanamke mwingine ajenge? Wale wanne waliofundishwa pamoja na Nasambu, wawili waliolewa mbali, mmoja alihamia Chwele, na wa nne ndiye mwenyekiti. Sikutaka mkono wake katika jikoni ile. Niliona afadhali mkono wangu usiojua.

Nikafungua waya. Kwa mara ya kwanza sikuingia kufagia. Niliketi kwenye kigoda cha Nasambu nikalitazama lile jiko bovu kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa, wapi pa kuanzia. Kusoma nilifika darasa la tatu tu, lakini kupima najua. Shambani nilipima maziwa na malisho na dawa za kupe. Nikachukua kamba ya mkonge nikaanza kufunga mafundo. Fundo la kwanza, kutoka sakafuni mpaka juu. La pili, upana wa mdomo. La tatu, kutoka ukutani mpaka mdomo, ujue mpikaji anaketi wapi na kuni zinaingilia wapi. La nne na la tano, urefu na unene wa bega. Bega lilikuwa upande wa kulia. Nikatia alama ya mkaa ukutani, kulia, nisije nikakosea. Sikutaka kukosea hata upana wa kidole. Nilijiambia: majiko zaidi ya sabini, na hili alilijengea nyumba yake mwenyewe, basi hili ndilo bora kuliko yote. Nikilifuata hili, msichana wa watu atapika vizuri.

Kisha nikalivunja kwa jembe.

Udongo wa jiko hautupwi. Nasambu aliwafundisha wenzake hivyo, nilimsikia akiwafundisha hapa uani: udongo uliokwisha kuonja moto haupasuki ovyo, uponde, uchanganye na mpya. Nikauponda juu ya gunia. Kipande kimoja cha nyuma, pale moto haukufika, kilikuwa na alama ya vidole vyake alipokuwa akilainisha: vinne vimelala, na gumba pembeni. Nikavipandisha vyangu juu yake. Vyangu ni vinene, havikuingia. Nilikaa na kile kipande mpaka jua likahama kutoka mlangoni. Kukiweka, ningekiweka wapi? Kwenye kabati, pamoja na nini? Nikaona mahali pake ni jikoni. Nikakiponda nacho.

Nikaleta udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, majani makavu niliyoyakatakata, nikakanyaga kwa miguu mpaka ukawa kama unga wa mandazi. Mama Khaemba alipita na ndoo yake ya maji akasimama kwenye ua.

"Wapi watu! Kujeni muone! Baba Wepukhuru ameorewa!"

"Pita, Mama Khaemba."

"Kweri hata mahari hatukukura! Nani amekuoa, shemeji? Na atakuretea reso?"

"Atakuletea wewe ya kufunga mdomo."

Akacheka akaenda, maji yanamwagika. Lakini jioni ile, alipoleta ugali, hakutania. Alichungulia ndani, akaona nimelisimamisha, nimelilainisha, nimelifunika magunia yenye maji ili lisikauke kwa haraka. Hakukaribia. Aliona gunia tu. "Nasambu angefurahi," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. Niliyamwagia magunia maji kila asubuhi kwa wiki tatu. Wiki ya nne nikawasha vijiti, moto mdogo tu, mchana mmoja. Halikupasuka. Hata mstari wa unywele haukuwepo.

Jepchirchir alifika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, mrefu, mkimya, ana kitambaa cha manjano kichwani. Dada yangu Namalwa alikuwa amekwisha kuja kutoka Chwele kuwa katikati yetu, maana ndivyo ilivyo: mke wa mwana hamsogelei baba mkwe, chakula kinapita kwa mkono wa senge, na maneno mazito pia. Kibukusu msichana hajui, Kinandi chao sisi hatujui, basi nyumba yetu ikawa ya Kiswahili kuanzia siku hiyo. Alilitazama jiko, Namalwa akaniletea majibu uani.

"Amesema ni zuri. Amesema hajaona jiko zuri hivi hata kwao kabla nyumba haijachomwa. Ameuliza nani amejenga."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Ameficha uso, lakini nimeona anacheka."

Moyo wangu ulikaa chini siku ile, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mistari. Wepukhulu akarudi Kitale Jumapili akipiga mluzi.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya ugali wake wa kwanza. Jumamosi na Jumapili tulikula chakula cha sherehe kilichopikwa kwa majirani, wali na nyama, lakini mke hapimwi kwa wali. Wanawake wanne walikuja, Mama Khaemba wa kwanza, wakaketi jikoni kuangalia. Mimi nilikuwa barazani nikijifanya nashona kikapu. Nikasikia maji yanachemka, nikasikia unga unaingia, nikasikia mwiko. Halafu kishindo, na mtu akapiga kelele.

Nilisimama lakini sikuweza kuingia. Namalwa alitoka amemshika Jepchirchir mkono, mguu wake umemwagikiwa, ngozi imekuwa nyekundu juu ya kifundo. Sufuria ilikuwa imeteleza ikaanguka upande wa kushoto, ugali wote kwenye majivu. Namalwa akamketisha akamwagia maji ya mtungi. Wale wanawake walitoka mmoja mmoja wakinipita bila kunitazama. Mmoja, simtaji, akasema kwa Kibukusu, taratibu, lakini nilisikia: mwenye jiko amekataa.

Namalwa alimtuliza, akamfunga kitambaa, akamwambia ajaribu kesho. Kesho yake sufuria ikateleza tena, upande uleule. Aliidaka, lakini nusu ikamwagika. Jumatano hakuingia jikoni. Alikaa kitandani kwenye chumba cha Namalwa, na mfuko wake, ule aliokuja nao, ulikuwa umefungwa.

"Anasema nini?" nikamwuliza Namalwa.

"Anasema amesikia. Mama Khaemba alimtafsiria, ati kwa kumwonea huruma. Anasema hawezi kukaa kwa nyumba ya mtu asiyemtaka. Anangoja Wepukhulu aje Ijumaa amchukue." Namalwa alinitazama, macho yake mekundu. "Mukhisa, mimi siamini mambo hayo. Nasambu hakuwa mtu wa kumkataa mtu. Ngoja nijaribu mwenyewe."

Akaingia, akabandika sufuria, akatia maji, akakoroga. Nikasikia ameacha. Kisha akaniita kutoka ndani.

"Mukhisa. Njoo hapa."

"Jikoni?"

"Njoo hapa, nakwambia!"

Nikaingia. Alikuwa amesimama na mwiko, anaelekeza. "Hili bega umeliweka upande gani?"

"Wa kulia. Kama lilivyokuwa. Nilipima."

"Ulipima nini?"

"Jiko la Nasambu."

"Na Nasambu alikuwa anakula kwa mkono gani, wewe mwanaume?"

Wa kushoto. Kila kitu alifanya kwa kushoto; kufua, kukata mboga, kuchanja kuni. Mama yetu alimgombeza mwaka mzima alipoolewa, ati mgeni hapewi chakula kwa kushoto, akajifunza kupakua kwa kulia, lakini kusonga alisonga kwa kushoto mpaka mwisho. Namalwa akapiga lile bega kwa kiganja. "Majiko yote yale aliyoyajengea watu, bega liko kushoto, sufuria inasukumwa inaegemea. Hili peke yake ndilo alilojigeuzia. Hukuliona jingine hata moja?"

"Ningeliona wapi? Mimi naingia jikoni za watu?"

Alianza kucheka, kisha hakucheka. Akaketi kwenye kigoda. "Sasa ulikuwa unamjengea nani, ndugu yangu?"

Nilitaka kusema nilikuwa namjengea mke wa Wepukhulu. Miguu ilikanyaga udongo kwa ajili ya mke wa Wepukhulu, hiyo ni kweli. Lakini mikono ilikuwa ikimtengenezea mtu ambaye angerudi kutoka barabarani akiwa amelowa, akute jiko zima, aketi, awashe, apate joto. Mikono haikuwa imeambiwa kwamba amekufa. Na ninawalaumu wao hata kwa hilo. Wangemwacha aende zake nyumbani saa nne ile, mimi leo nisingekuwa mzee wa kupima marehemu kwa kamba.

Namalwa alitoka akaenda kumwambia Jepchirchir. Nilimsikia kupitia ukutani akieleza, mara kwa maneno mara kwa kicheko: hakuna aliyekukataa, mwanangu, ni huyu mzee hajui kulia na kushoto. Akarudi na jembe, na nyuma yake yule msichana akichechemea, akasimama mbali kidogo nje, heshima yake ile.

"Tulivunje bega tu," Namalwa akasema. "Chungu kibaki. Leo tunavunja, tunainua lingine kushoto, kwa wiki mbili limekauka. Mwanangu, utavumilia wiki mbili?"

"Nitavumilia, senge."

Namalwa akainua jembe.

"Ngoja," nikasema.

Jembe likakaa juu. Sikujua kama neno lile lilikuwa linakuja. Namalwa akanitazama, akalishusha polepole. Yule msichana naye alinitazama, usoni kabisa, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu afike. Kisha akatazama chini.

"Ngoja kidogo tu," nikasema. "Nifikiri."

Hakuna aliyeuliza nafikiri nini. Nikatoka nikaenda kwenye ng'ombe wangu mmoja nikajifanya namtoa kupe.

Ijumaa Wepukhulu alikuja. Nilimsikia akiongea na mkewe chini ya waya tunaoanikia nguo, sauti yake inapanda, ya mkewe haipandi. Nilikuwa nimekwisha kuona Krismasi zangu zote. Lakini alipokuja kwangu alikuwa na uso wa mtu asiyeelewa.

"Baba, amekataa kwenda."

"Amesema nini?"

"Amesema nirudi kazini. Amesema mfuko ameufungua."

Akaenda. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeketi nje, chini ya paa la jikoni, mgongo kwenye ukuta wa udongo, mahali ambapo katika ile miezi minane nilizoea kuketi nikinoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa. Kwa sababu ukweli ni huo: sikuwa naingia, lakini nilikuwa nasikiliza. Mtu wa mkono wa kulia akisonga, mwiko unagonga sufuria, unatulia, unagonga. Nasambu alikuwa anagonga mara mbili fupi, kisha anavuta. Tu-tu, shaaa. Sijui kama ni mkono au ni tabia. Siwezi kuwaambia watu kwamba hicho ndicho ninachokililia. Wangesema mzee analilia ugali.

Nikasikia moto umeshika. Nikasikia unga. Kisha mwiko ukaanza, kwa shida, unasita, unapotea njia, unarudi. Sufuria haikuteleza. Ukagonga mara mbili, fupi, ukavuta.

Nilishika ukuta. Sitaki kusema uongo: kwa muda wa pumzi tatu au nne nilikuwa na mke. Nilisikia kila kitu. Nilisikia hata anavyopumua puani akichoka, na nilitaka kumwita, jina lilikuwa limefika kwenye meno.

Namalwa alitoka na ndoo, akaniona, akasimama. Aliongea chini chini. "Anasonga kwa kushoto. Tangu juzi anajifunza na unga mkavu. Nimemwambia aache, tuvunje. Amesema mzee alisema ngoja."

Ndani mwiko ukasimama.

"Baba?" Alikuwa ni Jepchirchir. Ukuta ulikuwa kati yetu, basi haikuwa kosa.

"Naam, mama."

"Mkono inauma, lakini nitazoea. Kwetu pia watu wako wa kushoto." Nikasikia anaweka kuni. "Mimi sina shida na jiko. Nataka kuuliza tu."

"Uliza."

Aliuliza. Namalwa aliweka ndoo chini. Mimi nilichukua panga langu nikaanza kulinoa. Leo ni wiki ya pili. Anapika, tunakula, mguu wake umepona, Wepukhulu amekwisha kupima uwanja kule chini kwa hatua. Bega liko palepale, kulia. Kila asubuhi nachukua jembe nalisimamisha mlangoni pa jikoni, na kila jioni nalirudisha stoo. Na kila nikiketi pale ukutani nasikia tena alivyoniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Nikizoea hii mkono, Baba, wewe hapo nje utakuwa unasikia nani?"